Tangi Limeachwa

Ubaoni palikuwa na neno moja tu, kwa chaki, mwandiko wa Shaame: *Limeachwa*. Chini yake tarehe. Basi.

Wapo watu mpaka leo wanasema kosa lilikuwa lake, kwa kuwa aliandika kwa mkato. Waacheni hao. Marehemu hana ulimi wa kujitetea. Mimi ninao, na wanaonijua wanajua ni mrefu. Neno lile nililisoma mimi, Mize binti Faki, mwenye miaka ishirini na zaidi katika Nyumba hii ya samaki, na nililisoma vibaya. Sitaki mtu anisaidie kulibeba.

Nilirudi hapa mlimani kwetu siku ya themanini na nane tangu tangi la tatu litolewe samaki. Nilikuwa Uluguru, Nyumba ya Saba. Niliaga kwamba nakwenda kuwafundisha kuchanganya maji ya chumvi. Uongo mtupu. Nilikimbia. Shaame alipokufa, moyo tu, asubuhi, kikombe cha chai mkononi, watu walipanda mlima kuja kutoa mkono wa pole. Wakanipita mimi jikoni wakaenda kwa Kazija. Ndivyo sheria ilivyo, sina ugomvi nayo. Kazija ndiye mkewe, akaingia ndani kukaa eda. Mimi nilikuwa mtalaka wake wa miaka miwili. Nani anampa pole mtalaka? Nilipika wali wa matanga, nikasugua masufuria, baada ya wiki mbili nikafunga mzigo wangu.

Shemdoe, fundi wetu wa pampu, alinipokea mlangoni. Huyu ni Msambaa wa hapa hapa, mtu mzima wa wajukuu sita.

"Karibu nyumbani, Bi Mize. Mbona umekonda? Uluguru hakuna ugali?"

"Upo. Hauna mpishi."

Akacheka, akanichukulia begi. Tulipofika kwenye ujia wa matangi akasimama, na uso ukamgeuka.

"Kuna jambo. Nyumba ya Tano paa limeanguka kwa mvua. Samaki wao, vipepeo mia mbili, wanaletwa hapa Ijumaa. Baraza la Nyumba zote limesema wawekwe tangi la pili."

"Tangi la pili lina kangaja wangu."

"Ndiyo maana nakuuliza. La tatu limemaliza ile… mnaiitaje?"

"Eda."

"Ninyi watu wa pwani bwana! Hata tangi mnalioza na kulipa talaka."

Nikautazama ubao. *Limeachwa*. Nikahesabu kwa vidole ile tarehe ya chini. Keshokutwa, miezi mitatu kamili.

"Linamaliza keshokutwa," nikasema.

"Basi ni bahati. Maji mimi nimeshayapasha, yako nyuzi ishirini na sita."

Nimeshayapasha. Alisema hivyo, kwa Kiswahili safi, masikio yangu yakiwa wazi. Mtu hapashi kitu chenye moto. Nikamwambia ahsante.

* * *

Bahari ilipogeuka nilikuwa msichana, kwetu Micheweni, Pemba. Ni miaka thelathini na minne sasa. Maji yakawa makali, yanawasha macho, na samaki wakaelea siku tisa mfululizo mpaka tukashindwa kuwazika. Waliowahi kuokoa chochote walikipandisha milimani, kwenye maji safi na baridi, na kila Nyumba ikapewa aina yake kuitunza mpaka siku ya Kurudi. Sisi tulipewa kangaja, samaki bapa, buluu, mwenye wembe mkiani. Shaame alipokufa walikuwa arobaini na mmoja. Hapakuwa na wengine popote duniani.

Na tulikuwa na Ukuta. Ukuta ni wa Shaame. Ni matumbawe hai, mita kumi na nne kutoka pembe hadi pembe ya tangi la tatu, ambayo aliyalea miaka kumi na tisa akiyazoesha ukali kidogo kidogo. Kila mwaka yakifa mengi, machache yakibaki, na yale machache ndiyo aliyoyazalisha. Mwaka jana Baraza lilipima, likathibitisha: haya yanaweza kuishi katika bahari ya leo, kama ilivyo. Hakuna mengine yanayoweza. Kangaja ndio wafagiaji wake, wanakula majani yanayoota juu ya matumbawe. Ukiondoa kangaja, majani yanauziba Ukuta. Ukiondoa Ukuta, kangaja hawana pa kurudi. Shaame alikuwa akipita mbele ya kioo akiimba ule msemo wa kwenye kanga, "Kangaja, huenda yakaja!" Nikimwambia hayo ni machungwa, si samaki, husema yote matunda ya Mungu.

Hilo la eda nalo ni lake. Adui yetu ni mdudu asiyeonekana kwa jicho. Anaingia ndani ya ngozi ya samaki na kumla, na samaki anaota vidoadoa vyeupe kama aliyekaukiwa na maji ya bahari mwilini, ndiyo maana tukauita ugonjwa huo chunyu. Akishiba anaanguka, anajibandika kwenye jiwe, anajifungia ndani ya ganda. Humo anagawanyika, na ganda likipasuka wanatoka watoto mia mbili, mia tatu. Kila mtoto ana siku moja au mbili za kumpata samaki. Asipompata, anakufa. Kwa hiyo dawa ya tangi ni moja tu: watoe samaki wote ukawatibu pengine, kisha usubiri mpaka maganda yote yapasuke na watoto wote wafe kwa njaa. Huwezi kulifanyia tangi haraka, kwa sababu huwezi kuona kama jiwe limebeba.

"Hii si eda hii?" Shaame alisema, zamani hizo tunapendana. "Unamkalisha mwanamke ndani ili ujue tumboni mna kitu au hamna."

Jina likashika, na tukawa na eda mbili, kama ilivyo kwa watu. Maji yakiwa na joto, maganda hupasuka mapema: eda ndogo, miezi mitatu, kama ya talaka. Maji yakipoa, mdudu analala ndani ya ganda, hana haraka: eda kubwa, miezi minne na siku kumi, kama ya mjane.

Eda ndogo mimi niliikaa mwenyewe. Shaame alinipa talaka moja, ya hasira, kwa sababu ambayo sitaisema maana hata yeye siku ya pili ilimtia haya. Sheria ilimpa miezi mitatu ya kunirejea. Neno moja tu lingetosha. Nilikaa nikihesabu: siku ya kwanza, ya kumi, ya sitini. Siku ya themanini na tisa nilipika pweza wa nazi, nikaacha mlango wazi. Hakuja. Nami sikumwita, kwa kuwa nina kichwa kigumu kuliko hayo matumbawe yake. Mwaka uliofuata akamwoa Kazija, mwalimu wa shule ya hapa, mwanamke mpole hata ukitaka kumchukia unakosa pa kushika.

Tukaendelea na kazi. Yeye chumba cha tatu, mimi cha pili, wala sikutia mguu kwake tena. Tulizungumza kwa ubao wa ujiani. *Chumvi imeongezwa. Pampu inalia. Wawili wana chunyu, nakuletea wote uwatibu.* Miaka miwili mume na mke waliolala kitanda kimoja miaka kumi na sita waliambiana mambo yao kwa chaki.

Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo akikuta ubaoni neno *Limeachwa*, atasoma nini? Nilisoma talaka. Nilidhani ananitania, au ananichoma. Nikasonya, nikahesabu miezi mitatu.

* * *

Tuliwahamisha Alhamisi asubuhi, mmoja mmoja, kwa ndoo yenye kifuniko. Wa mwisho alikuwa Kisirani, jike kubwa kuliko wote. Alimchana Shaame kiganja kwa wembe wake siku ya kwanza walipokutana, na tangu siku hiyo akawa kipenzi chake. Alipoingia kwenye tangi la tatu alizunguka mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye Ukuta, akaanza kula majani kwa pupa. Wote wakafuata. Ukuta ulikuwa umefunguka, rangi za zambarau na kijani, isipokuwa upande wa kusini ambako niliona matumbawe yamepauka kidogo. Nikajiambia nitauliza. Nikakumbuka wa kumwuliza hayupo.

Shemdoe alisimama nyuma yangu. "Angewaona," akasema.

"Angewaona angesema tumewachelewesha," nikamjibu, na nikafurahi. Nakiri kwamba nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufurahi tangu azikwe.

Siku ya kumi na moja Kisirani alianza kujikuna. Alikuwa akienda kwenye jiwe, anajisugua ubavu, anaruka, anarudi. Nilisogeza uso kwenye kioo. Mapezi yake ya pembeni yalikuwa na vidoa vitano. Saa nane mchana nilihesabu thelathini. Nikawatazama wengine, wanapumua harakaharaka, midomo wazi, na kila mmoja, kila mmoja jamani, amenyunyiziwa chumvi.

"Shemdoe!"

Alikuja mbio, akaona, akashika kichwa. Kisha akasema neno lililonimaliza. "Ni mimi, Bi Mize. Nilipasha maji bila kuuliza. Yalikuwa ya baridi miezi yote hii. Marehemu aliyazima joto mwenyewe, mimi nikasema wanakaribia kurudi, nipashe. Labda ndiyo nimewaamsha wadudu."

"Maji yalikuwa baridi?"

"Nyuzi ishirini na mbili. Wewe hukujua?"

Nilivua aproni, nikateremka kwenda kwa Kazija.

* * *

Nyumba ya Shaame iko chini ya bustani ya viazi, mwendo wa dakika tano. Sikuwa nimeingia humo tangu matanga. Nikapiga hodi.

"Karibu, Bi Mize."

Alikuwa amekaa mkekani, nguo nyeupe, hana hina wala wanja, nyumba haina harufu ya udi. Siku yake ya themanini na mbili. Alianza kuinuka anipishe mahali, nikamzuia kwa mkono.

"Nimekuja kuomba daftari lake la kazi."

Akaingia ndani, akarudi nalo limefungwa kwa kitambaa. "Sijalifungua," akasema. "Nilidhani ni lako. Nikawa nakusubiri uje ulichukue."

Miezi yote hiyo alikuwa akinisubiri, nami niko Uluguru nawafundisha watu kitu wanachokijua. Nikalifungua nimesimama. Ukurasa wa mwisho nilisoma kwa sauti, sijui kwa nini, labda nilitaka shahidi.

"*Wawili wana chunyu, na Ukuta umepauka kusini kwa joto. Kangaja wote nimempelekea Mize. Tangi nimeliacha, nyuzi ishirini na mbili, matumbawe yapumzike. Eda kubwa. Wasirudi kabla ya miezi minne na siku kumi. Ubaoni nimeandika neno moja, Mize anajua.*"

Kazija alikikunja kile kitambaa. Kisha akauliza taratibu, "Unajua nini, Bi Mize?"

Nilijua. Kwa miaka kumi na minane neno hilo humu kwetu lilikuwa na maana moja tu. *Acha tangi* ni zima joto, acha maji yapoe. Mimi ndiye niliyeanza kulisema hivyo, kwa uvivu wa ulimi, siku za mwanzo tulipokuwa tunajaribu baridi, yeye akaliiga. *Umeliacha?* *Nimeliacha.* Tukisema mara kumi kwa mwezi, wala hakuna aliyewahi kufikiria talaka. Shaame alipoandika neno lile hakuwa ananitania wala kunichoma. Alikuwa anazungumza na mimi kwa lugha yetu, akiamini bado ninayo.

Nikakaa chini. Kilio kilinitoka ambacho siku ya maziko nilikisugulia kwenye masufuria. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima wa miaka hamsini na miwili, ndani ya nyumba ya mwanamke mwenye eda. Kazija akasogea akanishika mabega.

"Pole," akaniambia. "Pole sana."

Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia.

* * *

Shemdoe nilimwambia ukweli kabla sijavaa aproni. Nilimwambia si joto lake, ni hesabu yangu. Alinimiminia chai tu, akakaa mbele yangu, na daftari katikati yetu.

Hali ilikuwa hivi. Dawa ya chunyu ipo, na inatibu. Ni maji ya shaba, ya buluu, siku thelathini kwa kipimo kisichopungua wala kuzidi. Lakini shaba inaua kila kisicho na mifupa. Tangi la pili halina kitu ndani zaidi ya kioo na mabomba, ndiyo maana tuliwatibia humo mara ya kwanza. Sasa lina vipepeo mia mbili wa watu, wazima, ambao hawana pengine pa kwenda. Lililobaki ni la kwanza, tangi la wagonjwa. Linachukua kangaja kumi na wawili. Ukimtia wa kumi na tatu, wanakosa hewa wote. Na kuwapeleka Nyumba nyingine, wagonjwa hivyo, wangefia njiani.

"Basi tia shaba humo humo la tatu," Shemdoe akasema.

"Itaua Ukuta wote. Na mawe yatainywa shaba, hayatafaa tena maisha."

"Lakini kangaja watapona. Arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

"Usipotia?"

"Kumi na wawili watapona. Ishirini na tisa watakufa."

Akazungusha kikombe. "Bi Mize, mimi si mtaalamu. Lakini samaki ana macho. Ananitazama nikipita. Jiwe halinitazami."

"Si jiwe."

"Najua si jiwe. Nasema halinitazami."

Tulipiga simu Barazani. Wakauliza maswali ishirini, wakanyamaza saa nzima, wakajibu kwa mstari mmoja: mwenye chumba aamue. Mwenye chumba alikuwa kaburini, kwa hiyo wakamaanisha mimi.

Nilikwenda kusimama mbele ya kioo. Kumi na wawili si ukoo. Kwa vizazi viwili vitatu watakuwa wanaoana ndugu kwa ndugu, na Nyumba nyingine zimeshatuonyesha mwisho wake: vifaranga wasio na mapezi. Huenda wakahimili, huenda wasihimili. Ukuta nao ukifa, tungehitaji miaka kumi na tisa mingine na Shaame mwingine. Hoja zilikuwa sawa kwa sawa. Ningeweza kukaa nazo mpaka kangaja wote wafe nikiwa bado napima.

Ila kuna jingine, nalisema kwa kuwa nimeapa kusema. Nilijiuliza: ungekuwa Ukuta wa mtu mwingine, je? Ungekuwa wa bwana yeyote wa Nyumba ya Saba, nisiyewahi kumpikia pweza? Nadhani ningetia shaba. Nadhani ningewatazama wale wenye macho nikasema, poneni. Sina hakika. Sijawa na hakika mpaka leo. Najua tu kwamba nilikuwa nimeshampoteza mara mbili, na mkono wangu haukuweza kumimina ile buluu juu ya kitu alichokilea.

"Andaa tangi la wagonjwa," nikamwambia Shemdoe.

"Haya," akasema. Hakunihukumu, wala hakunipa ruhusa.

* * *

Kuchagua kulichukua asubuhi nzima. Nilikuwa na orodha ya kizazi cha kila mmoja, nani mtoto wa nani, na nilitaka wale walio mbali kidamu, wenye umri wa kuzaa, wenye vidoa vichache. Shemdoe alikuwa na ndoo. Kila niliposema "huyu," aliinama na wavu. Sikusema neno lolote kwa wale niliowaruka.

Kisirani alikuja mwenyewe kwenye kioo. Alikuwa mweupe mbavu zote, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa mzee, mayai yake yalishakwisha. Hakuna hesabu yoyote ambayo ingemtia kwenye kumi na wawili. Nilizijaribu tatu.

Waliobaki hatukuweza kuwaacha wafe wenyewe. Mdudu anaendelea kuzaa maadamu kuna samaki, na wao walikuwa wakijisugua mpaka nyama inatoka. Ipo njia ya kuwalaza, na kila Nyumba inaijua: mafuta ya karafuu. Matone machache yanawalewesha, matone mengi hawaamki.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Nimezaliwa kwenye jamvi la karafuu. Nilichuma nikiwa na miaka sita, na harufu ile kwangu ilikuwa mama, sikukuu, sare mpya ya shule. Nilifungua chupa na mikono ikakataa. Shemdoe akanyoosha wake. "Nipe mimi," akasema. Nikamwambia hapana, hili si lake.

Tuliwalaza watano watano katika beseni kubwa. Waliyumba kidogo, wakainama upande, mashavu yakapunguza kwenda, yakasimama. Nilimshika kila mmoja mpaka mwisho, chini ya tumbo, asigonge ukingo. Kisirani nilimwacha wa mwisho, peke yake. Alipoguswa na mafuta alikunja mkia akanichana kiganja, pale pale alipomchana Shaame. Damu yangu ikaingia kwenye maji.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nimekosea kusoma."

Alipotulia nilibaki nimemshika. Shemdoe alivua kofia yake akaikunja kifuani, akaomba maombi ya Kilutheri kwa Kisambaa, nami nikasema amina kwa yote niliyoyaelewa na nisiyoyaelewa.

Ishirini na tisa tuliwazika bustanini, kwenye matuta ya viazi. Kisha nilikwenda ujiani, nikachukua kitambaa chenye maji. Neno la Shaame lilikuwa bado pale. Nilikaa nalo kidogo. Nikalifuta, nikaandika kwa herufi kubwa, ili hata mgeni wa kesho asikosee: *Limefiwa. Eda kubwa, siku mia na thelathini. Asiingizwe samaki.*

* * *

Ukuta usio na kangaja unaota majani, nimeshasema. Kwa hiyo mfagiaji nikawa mimi. Kila siku baada ya chai niliingia kwenye maji, maji ya kifuani, na mswaki wa meno, nikasugua tumbawe moja baada ya jingine. Mita kumi na nne. Nikifika mwisho, mwanzo umeshaota. Sikujitia manukato, sikuvaa bangili, sikushuka mjini hata kwa harusi ya mpwa wangu. Shemdoe aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia niko kazini.

Wale kumi na wawili walipona. Nawaona kwenye tangi la wagonjwa, wamesafika, wananitazama nikipita. Mimi huwatazama wembe wa mkiani tu.

Siku ya arobaini na saba ya eda ile nilisikia hodi mlangoni pa chumba cha tatu. Alikuwa Kazija. Amevaa kanga ya rangi kwa mara ya kwanza, hina mbichi vidoleni, amesimama kama mwanafunzi mgeni. Eda yake ilikwisha jana yake. Nilijua, nilikuwa naihesabu na hiyo.

"Sikuwahi kuingia humu," akasema. "Alisema kuna kitu kikubwa humu, nikawa naona haya kuomba."

"Ingia basi. Vua viatu."

Aliutazama Ukuta kutoka pembe hadi pembe, machozi yanamtiririka na hayafuti. Upande wa kusini rangi ilikuwa imeanza kurudi, zambarau nyepesi. Kisha akakunja kanga yake magotini, akashika ngazi, akashuka kwenye maji yale ya baridi na nguo zake mpya. Akanyoosha mkono nimpe mswaki. Nilikuwa na wa akiba.

Tulisugua bega kwa bega. Akawa anajifunza kwa kunitazama, taratibu, asivunje.

"Mimi nimemaliza yangu," akasema mwishowe, macho kwenye jiwe. "Wewe umebakisha siku ngapi, bi mkubwa?"

Bi mkubwa ni jina la mke wa kwanza kinywani mwa mke wa pili. Mtalaka haitwi hivyo, wala hana eda ya kufiwa. Alikuwa mwalimu, anajua maana za maneno.

"Themanini na tatu," nikamwambia, na nikageuka nikaendelea kusugua.